Hita kwenye Lori la Zamani la Jeshi: Uifunge au Uiache?

Kila mwezi wa kumi ukiingia, simu zinaanza. Mtu amenunua lori la jeshi la M35A2 mnadani, kiangazi kizima ameliendesha madirisha yakiwa wazi, sasa baridi ya huku Minnesota, Marekani, imeanza kuuma na anataka kujua kufunga hita ni bei gani. Bei naijua. Ila kabla ya bei kuna maswali, na nikishamaliza kuyauliza, wengi huondoka wamenunua turubai, mipira ya milango na tyubu ya silikoni. Hita wanaiacha.

Nimeyaandika maswali hayo hapa kwa sababu mafundi wetu walioko nchi za baridi wanaongezeka, na baadhi yenu mmeanza kuletewa magari ya namna hii gereji, au mmeyanunua wenyewe. Mfano wangu ni M35A2: lori la Kimarekani la tani mbili na nusu, ekseli tatu zote zinavuta, injini ya lita 7.8 inayokubali dizeli, mafuta ya taa na hata mafuta ya ndege, umeme wa volti 24, paa la turubai. Kama lako ni jingine, fuata hatua zilezile. Nitakuonyesha mahali njia zinapoachana.

Hatua ya 1: Andika ni lini hasa unaliendesha

Chukua karatasi uandike safari za mwaka mzima. Safari za kweli, si zile unazoziota. Gwaride la tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, maonyesho ya magari ya kale mwezi wa nane, kuwazungusha watoto wa jirani siku ya sikukuu. Ikiwa orodha yote inaishia Septemba, jibu lako ni hapana. Hizo pesa nunulia matairi, yako kumi na hayana bei ya huruma.

Tena malori mengi ya aina hii hulazwa ndani wakati wa baridi kwa sababu isiyohusu mwili wa dereva hata kidogo. Barabara zinamwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi inakula fremu na sakafu ya bati kila siku unayotoka. Mtu aliyetumia miaka kulisafisha lori kutu, kisha anataka hita ili alitembeze Januari, namuomba alale nalo kwanza wazo hilo.

Kuna safari moja inayowadanganya watu: gwaride la kuwaenzi wanajeshi wastaafu, tarehe 11 Novemba. Siku hiyo ni baridi kweli, na lori linakwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa saa nzima. Mwenye lori anasema, hapa ndipo ninapohitaji hita. Lakini injini ya dizeli ikinguruma polepole bila mzigo haizalishi joto la maana. Maji ya injini yatabaki vuguvugu, na hita ya maji, ile inayochota joto lake kwenye maji hayo, itakupulizia upepo wa vuguvugu. Kwa siku hiyo moja, koti zito, soksi za sufu na chupa ya chai vinashinda kazi ya wikendi nzima ya spana.

Anayehitaji hita ni yule anayelifanyia kazi lori: anayesukuma theluji, anayebeba kuni Februari, au anayesafiri saa mbili tatu barabara kuu kati ya Novemba na Machi. Kama ni wewe, endelea.

Hatua ya 2: Kioo kwanza, mwili baadaye

Mtu wa Makete au Timboroa anaijua baridi ya asubuhi, lakini ile humsumbua mwili tu. Huku kitu cha kwanza kukushinda ni kioo. Wewe na abiria mnapumua, buti zimeingia na theluji, theluji inayeyuka sakafuni, mvuke unapanda na kuganda upande wa ndani wa kioo cha mbele. Mikono utaivisha glavu. Kioo utakivisha nini?

Kwa hiyo hita yoyote utakayoifikiria, iulize swali hili: hewa yake itafikaje kwenye kioo? Hita inayopasha magoti na kuacha kioo cheupe ni starehe tu. Starehe si haramu, ila usiihesabu kama usalama.

Usidhani kiwanda kilishakufikiria. Viwango vya usalama vya shirikisho vya Marekani, kikiwamo kile cha kuondoa ukungu na barafu kwenye kioo, havilihusu gari lililotengenezwa kwa ajili ya jeshi na kuuzwa kwa jeshi moja kwa moja. Lori lililopangiwa kambi ya joto liliweza kuishi maisha yake yote bila hita. Lililopelekwa Alaska lilifungwa vifaa vya baridi kali, ambavyo jeshi liliviandaa kwa hali ya hadi nyuzi 54 za Selsiasi chini ya sifuri. Ndiyo maana malori mawili ya mwaka mmoja huja gereji yakiwa hayafanani ndani.

Na ukiwa bado kwenye kioo, kumbuka waipa. Kwenye M35A2 zinasukumwa na hewa ya kompresa, ileile inayosaidia breki. Maji yaliyojikusanya kwenye mitungi ya hewa yakiganda, utapoteza waipa, na huenda ukapoteza zaidi ya waipa. Kumwaga maji ya mitungi kila baada ya safari hakuna gharama, na ni kazi inayotangulia hita.

Hatua ya 3: Ziba matundu

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko mahali pengine popote kwenye mwongozo huu, na ndipo watu wanaporuka.

Kebini ya lori la jeshi ni bati jembamba lenye turubai juu. Sakafu ina matundu ya pedeli, ya lever ya gia, ya lever za kuunganisha magurudumu ya mbele, ya breki ya mkono, ya usukani. Ukuta unaotenganisha injini na kebini una matundu ya waya na nyaya ambazo nyingine zilishatolewa zamani. Milango ina mwanya juu, chini na pembeni. Katika nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 30 kwa saa unaufanya mwili uhisi nyuzi 20 chini ya sifuri, na wewe utakuwa barabarani kwa kilomita 80. Kufunga hita kabla ya kuziba ni kuchota maji kwa tenga.

Fanya hivi. Usiku, weka taa kali chini ya boneti, funga boneti, ingia kebini, funga milango, zima kila kitu ukae kimya kidogo mpaka macho yazoee giza. Kila unapoona mwanga, baridi inapita hapo. Weka alama kwa chaki. Kisha hamishia taa nje upande wa milango, halafu chini ya sakafu. Siku ya upepo, washa kijiti cha udi uzungushe kwenye pindo za turubai na kingo za milango. Moshi utakuonyesha mahali unaposukumwa. Mke wangu anasema hili ndilo lori pekee mjini linalonukia harusi.

Baada ya hapo nunua: mipira mipya ya kuziba pedeli na lever, mipira ya matundu ya waya, sponji ya milango, zulia zito la mpira la sakafuni, na turubai jipya kama la zamani limekuwa wavu. Turubai jipya lililokaza vizuri, lenye pazia la nyuma linalofungika, linabadilisha kebini nzima. Upande wa injini tumia kitambaa cha kuzuia joto kisichoshika moto.

Tahadhari: ukikuta kitambaa cha zamani cha kijivu chenye nyuzinyuzi kwenye ukuta wa injini au kuzunguka bomba la ekzosi, usikikwangue wala usikipulize kwa hewa. Huenda ni asbesto. Kipande kidogo, kikiwa kimelowanishwa, kipelekwe maabara kupimwa.

Matundu hayo hayaingizi baridi peke yake. Yanaingiza moshi. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na kebini inayovuja ikiwa nyuma ya injini ya zamani ni mahali pabaya pa kusinzia. Hata ukiamua kutofunga hita, ziba matundu na uweke king'ora cha gesi hiyo kinachotumia betri zake chenyewe.

Ukimaliza, endesha wiki mbili ukiwa na vipimajoto viwili, kimoja ndani na kimoja nje. Joto la injini na la gia boksi lililokuwa likipeperushwa sasa litabaki ndani kiasi. Kuna watu safari yao inaishia kwenye hatua hii.

Hatua ya 4: Je, injini yenyewe inapata joto?

Tazama sindano ya joto ukiwa barabarani siku ya baridi. Ikikaa chini ya nyuzi 70, hita ya maji haitakufaa kitu, kwa sababu huna cha kuipa. Chunguza thamostati, kile kifaa kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka yapate joto. Wamiliki wengi wa nyuma waliitoa na kuitupa ili injini isichemke kiangazi. Rudisha inayofungukia kama nyuzi 82. Kisha shona kifuniko cha turubai cha mbele ya rejeta, chenye dirisha unaloweza kulikunja au kulishusha, na jizoeze kutazama sindano. Kifuniko kilichosahaulika kikiwa kimefungwa siku jua likitoka kinaweza kuchemsha injini.

Wenye M35A2 wasichanganye: ile swichi ya kupasha joto kwenye dashibodi ni ya kuwashia injini asubuhi. Inawasha mwali mdogo wa mafuta kwenye manifoldi ili hewa inayoingia iwe na joto. Haina habari na miguu yako.

Kama lori lako ni Magirus-Deutz Jupiter au Tatra 813, injini inapozwa kwa hewa na maji hayamo kabisa. Mjadala wa hita ya maji haukuhusu. Nenda moja kwa moja kwenye hita ya dizeli, iliyoelezwa Hatua ya 6.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya umeme

Watu hupenda hita ya umeme kwa sababu inafungwa kwa nyaya mbili. Hesabu inaikataa. Hita ndogo ya wati 300 kwenye volti 24 inakula ampea 12.5. Kwenye lori la GMC CCKW la Vita vya Pili vya Dunia, lenye volti 6, wati hizohizo zinakula ampea 50, na nyaya zitakuwa na joto kuliko kebini. Na wati 300 ni nini? Hita ndogo ya dizeli inatoa wati 2,000, na hita ya maji, yaani rejeta ndogo ya maji moto yenye feni nzuri, inapita hapo ikiwa injini imepata joto. Kwenye kebini inayovuja, wati 300 hutazihisi.

Umeme unafaa pale unapogusa mwili moja kwa moja: fulana au kikalio chenye nyaya za joto hutumia wati 40 hadi 60 na joto lake unalihisi. Kama ni mtu wa safari fupi, hiki ni kifaa cha kununua leo, na lori halitoboki.

Jambo moja la kushikilia hapa. Malori ya volti 24 yana betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo, na kila anayetaka kufunga kifaa cha volti 12 anajaribiwa kuchukua umeme kwenye betri moja tu. Usifanye. Ile moja itakuwa inanyonywa na kubaki na njaa, ya pili itachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa kabla ya wakati. Nunua kifaa cha volti 24, au weka kibadilishi cha kushusha volti kutoka 24 kwenda 12.

Hatua ya 6: Chagua kati ya maji na dizeli

Mtungi wa gesi wa kubebeka tuutoe kwanza, maana kila mwaka kuna mtu anauliza. Kilo moja ya propeni ikiungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke, na mvuke huo unaenda kuganda palepale kwenye kioo. Ongeza moto wazi ndani ya turubai, ongeza kaboni monoksaidi. Hapana.

Hita ya maji ndiyo chaguo langu kwa lori linalosafiri. Inatumia joto ambalo injini ingelitupa, haina moto wake, haina mafuta yake, na feni yake inakula umeme kidogo. Jeshi lenyewe lilikuwa na vifaa vya hita ya maji moto kwa M35A2, na vya mitumba hupatikana, kwa hiyo unaweza kubaki ndani ya historia ya gari. Udhaifu wake ni ule wa gwaride: injini ikiwa baridi, nawe ni baridi.

Hita ya dizeli ina tanuru lake dogo. Inavuta hewa ya kuungulia kutoka nje, inatoa moshi wake nje kwa bomba, na hewa ya kebini inapita pembeni bila kukutana na moto. Inafanya kazi injini ikiwa imezimwa, jambo linalomfaa anayelala ndani ya lori au anayetaka kioo kiyeyuke kabla ya kuondoka. Zile za wati 2,000 hunywa takriban robo lita kwa saa zikiwa kwenye nguvu zote. Za kampuni za Webasto na Eberspächer ni ghali. Nakala za bei rahisi zimejaa sokoni, na ubora wao hutegemea bahati yako.

Lakini sikiliza wewe mwenye M35A2. Sababu ya wengi kulipenda lori hili ni kwamba linakunywa karibu chochote: oili chakavu iliyochujwa, mchanganyiko wenye petroli kidogo, mafuta ya kupikia. Hita ya dizeli haili hivyo. Oili itaijaza masizi, na petroli inaweza kuisababishia moto mbaya. Ukifunga hita ya dizeli kwenye lori la namna hiyo, ipe tangi lake dogo, lenye dizeli safi ya majira ya baridi au mafuta ya taa, lililo nje ya kebini. Usiiache saa nyingi kwenye nguvu ndogo, inajenga masizi. Na usiizime kwa kukata umeme: zima kwa swichi yake, uiache ipulize mpaka ipoe.

Kama lori ni la kulala, dizeli. Kama ni la kusafiri, maji. Zote mbili kwa pamoja nimeziona. Ni kwa mtu asiye na mkopo wa nyumba.

Hatua ya 7: Lori usilitoboe ovyo

Kabla ya kushika drili, tafuta vibati. Kebini za jeshi mara nyingi zina mashimo yaliyozibwa kwa kibati na skrubu, yaliyoachwa kwa ajili ya vifaa ambavyo si kila lori lilipewa. Toa kibati, tengeneza kingine kinachobeba mipira yako ya maji, na kile cha asili kihifadhi kwenye mfuko ulioandikwa. Siku lori likienda mbele ya majaji, au ukiliuza kwa mtu anayependa lilivyotoka jeshini, unarudisha kila kitu mchana mmoja.

Tundu jipya kwenye bati la asili ni la kudumu. Nikilazimika, natoboa sehemu iliyokwisha kuchomelewa au kuoza, ambayo ingehitaji kazi hata hivyo.

Hatua ya 8: Ukiamua hita ya maji

Ijaribu kwanza mezani. Ziba mdomo mmoja wa rejeta ndogo, itumbukize kwenye beseni la maji, pulizia hewa kwa shinikizo dogo. Mapovu yakitoka, ipeleke ikachomelewe kabla haijaingia kebini, kwa sababu rejeta ikipasukia miguuni ukiwa kwenye mwendo utaogeshwa kwa maji ya nyuzi 80. Ijaribu na feni yake kwa volti sahihi.

Maji ya moto yachukue upande wa injini kabla ya thamostati, ili yaje hata thamostati ikiwa bado imefungwa. Ya kurudi yapeleke upande ambao pampu ya maji inavuta. Ukikosea upande, hita itakaa baridi nusu saa nzima na utailaumu bure. Weka koki mbili, moja kwenye kila bomba, mahali mkono unapofika kwa urahisi. Mpira ukipasuka njiani, unafunga zote mbili na unafika nyumbani.

Mipira ya maji iwe mipya, mbali na ekzosi na mbali na kila kinachozunguka au kusogea na usukani. Rejeta ndogo ikae chini kuliko mdomo wa rejeta kubwa, la sivyo hewa itanaswa ndani. Jaza mchanganyiko nusu maji nusu kuulanti (dawa ya kuzuia maji kuganda), ambao haugandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Washa injini ikiwa na kifuniko wazi, ongeza kadiri yanavyoshuka.

Feni ipate fyuzi yake karibu na chanzo cha umeme. Bomba la hewa la kwanza kabisa liende kwenye kioo. Miguu ipate kinachobaki. Na hita ivute hewa ya nje, si ileile ya ndani iliyojaa pumzi zenu. Hewa ya nje ya baridi ni kavu, ikipashwa inafuta ukungu haraka.

Hatua ya 9: Jaribu, kisha kagua

Endesha nusu saa mchana, ukiwa na king'ora cha kaboni monoksaidi usawa wa uso na kizima moto mahali mkono unapofika. Kwa hita ya dizeli, bomba la moshi lisiishie chini ya kebini wala karibu na mdomo wake wa kuvuta hewa. Lifunge kitambaa cha joto mahali linapopita karibu na waya au turubai. King'ora kikilia, zima, fungua milango, shuka, ndipo utafute sababu.

Baada ya safari tatu nne, kaza tena klipu zote, maana mpira mpya hulegea ukishapata joto. Pitisha mkono chini ya kila kiungo. Mwezi wa tano ukifika, funga koki zote mbili, toa fyuzi ya feni, na utundike karatasi kwenye usukani inayosema koki zimefungwa, ili mwezi wa kumi usinipigie simu kuniambia hita imekufa.